Dobi Aliyesimama Mwisho Kulia

Baba mkwe wangu ni dobi, na mtaani wanamwita Profesa. Jina hilo hakupewa kwa heshima. Alipewa na washona viatu wa jirani, siku alipowaambia kwamba aliwahi kusoma chuo kikuu mwaka mmoja na nusu, tena akacheza mieleka kwenye timu ya chuo. Walicheka mpaka mmoja akapoteza sindano yake. Tangu hapo mtu akileta suruali ya kupigwa pasi huuliza mlangoni, "Profesa yupo darasani?" Naye hujibu bila kuinua uso, "Yupo, lete daftari," kisha anapokea suruali.

Nilimuoa binti yake wa pekee, na kwa miaka kumi na tisa sikumuuliza habari za chuo hata mara moja. Mkwe haulizwi mambo ya namna hiyo. Lakini kutouliza si kuamini. Nilikuwa namtazama akipiga pasi: mtu mfupi, mabega mapana, sikio la kushoto limevimba na kujikunja kama kipande cha tangawizi. Alisema liliharibika kwenye mieleka. Mimi nikawaza kwamba masikio huharibika kwa njia nyingi. Akisema ukumbi wa mazoezi ulikuwa na madirisha marefu, nikawaza kwamba madirisha huonekana hata na mtu anayepita nje.

Kazi yangu ni kutengeneza fremu. Karakana yangu ni chumba kimoja, na meza yake imeelekea dirishani ili nione vizuri ninapokata kioo. Mwaka jana karani wa chuo kikuu, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, aliniletea picha kumi na mbili za timu za zamani. Saba zilikuwa za mpira wa miguu, tano za mieleka. Zilizokuwa ukutani zililiwa na mchwa, kwa hiyo studio ya ng'ambo ya barabara ilisafisha nakala mpya kutoka kwenye filamu za zamani zilizohifadhiwa kabatini. Majina yalikuwa kwenye karatasi iliyopigwa chapa, na kazi yangu ilikuwa kuyabandika chini ya kila picha kabla ya kufunga kioo.

"Jumamosi tunafungua ukumbi mpya," akaniambia. "Walio hai wataitwa mbele, kila mmoja asimame chini ya picha yake. Kwa hiyo fundi, picha hizi asizione mtu. Tangu tutangaze, kila mwenye mvi amekuwa mchezaji. Jana amekuja mmoja anasema alikuwa golikipa, mkononi hana hata kidole kilichopinda."

Nilianza na za mpira. Zile hazina shida. Wachezaji wamevaa jezi zenye namba, wamekunja mikono, na mbele yao kuna mpira ulioandikwa mwaka kwa chokaa. Mchana nikafika kwenye picha ya kwanza ya mieleka. Hao walikuwa vifua wazi, kaptula nyeusi tupu, watano wamesimama na watatu wamekaa. Katikati ya waliokaa alikuwepo kocha, amevaa koti.

Nikasoma karatasi. "Waliosimama, kutoka kushoto." Jina la tano, la mwisho, lilikuwa la baba mkwe wangu. Majina yake yote matatu.

Nikahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wa tano alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mzuri wa sura, masikio yote mawili yamelala vizuri kichwani. Hakuwa baba mkwe wangu hata kwa bahati mbaya.

Nikarudi mwanzo wa mstari. Wa kwanza kushoto alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sikio moja limevimba. Uso ule nilikuwa nauona kila Jumapili mezani kwangu. Lakini jina la wa kwanza lilikuwa la mtu mwingine kabisa, mhandisi aliyejenga nusu ya barabara za mji na kufariki zamani. Kisha nikaona jambo jingine. Nilijishika masikio yangu, nikageuka kuelekea upande ule ule alioelekea yule wa pichani, ili nisikosee. Sikio lake bovu lilikuwa la kulia. La baba mkwe ni la kushoto.

Nilitakiwa kunyamaza. Badala yake nilifunika picha kwa gazeti, nikaenda nayo nyumbani na kumwonyesha mke wangu.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu mwenye jina la Baba ni nani?"

"Sijui."

"Na huyu mwenye sura ya Baba?"

"Sijui, mama watoto. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akakaa chini. Ndipo mambo yakaanza kutoka moja moja, kana kwamba alikuwa ameyaweka akiba. Kwamba hajawahi kumwona ndugu hata mmoja wa upande wa baba yake. Kwamba vyeti vyote vya baba yake inasemekana viliungua. Kwamba siku alipoandikishwa shule, baba yake alikosea mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa. Nilijaribu kusema kwamba watu wengi hukosea mwaka. Alinikata jicho.

"Wewe ndiye umeniletea picha," akasema. "Usianze kumtetea sasa. Hapa kuna namna. Kama jina si lake, basi na mimi ninatumia jina la nani?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo hilo njia nzima, na nilikuwa nimeshafikia kumwona mzee amelichukua jina la kijana mrefu kama mtu anavyochukua koti lililosahauliwa kwenye kiti.

Asubuhi akaenda kwa baba yake. Nilimfuata nyuma, hatua kumi hivi, kwa sababu sikutaka niwepo wala sikutaka nisiwepo. Mzee alikuwa anapuliza makaa ya pasi.

"Baba," akasema mke wangu, bila salamu, "jina lako ni lipi?"

Mzee akacheka. "Umeamka na homa?"

"Nauliza. Nimeona picha ya mieleka. Jina lako limekaa kwa mtu mwingine."

Kicheko kikakatika. Hakumtazama binti yake, alinitazama mimi niliyekuwa nimesimama kwenye kizingiti. "Picha ipo? Ipo wapi?"

"Kwenye karakana," nikasema. Nilikuwa nimeirudisha alfajiri.

"Ilipigwa wiki moja kabla sijaondoka chuo," akasema polepole. "Mama yangu alikuwa amepooza, sikuwa na wa kumwachia. Picha yenyewe sijaiona mpaka leo."

Mke wangu akajibu, "Na leo ndiyo unakumbuka hilo?" Akaondoka. Siku hiyo hakumpelekea baba yake chakula; tangu mama yake afariki hakuwahi kukosa hata siku moja.

Mzee alikuja karakanani baada ya saa moja, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Nikamwekea picha mezani. Sikuondoka pembeni. Nilisimama karibu na mikono yake, maana nilifikiri huenda akaichana, au akajipachika mahali kwa kalamu. Mtu niliyemshuku kiasi kile ningeweza kumshuku kwa lolote.

"Mkwe," akasema, macho kwenye picha, "unanilinda?"

"Hapana, baba. Nashika meza isitikisike."

"Meza ina miguu minne."

Nikarudi nyuma hatua moja. Moja tu.

Alianza kutafuta kulia. "Nilisimama mwisho, upande wa mlango. Kulia kwa mpiga picha. Mhandisi alikuwa kule mwisho mwingine, mrefu yule, tulikuwa hatuelewani." Kidole chake kikatua juu ya kijana mrefu. Kikaondoka. Akakisogeza taratibu mpaka mwanzo wa mstari, akamwona yule mfupi, akalishika sikio lake la kushoto. Kisha akalishika la kulia, kana kwamba anahakikisha ni lipi. Nilimwona akianza kujitilia shaka mwenyewe, na badala ya kumhurumia nikasema moyoni, sasa amekamatika.

Wakati huo huo karani akaingia. Alipomkuta mzee ameinamia picha, akavua miwani yake.

"Fundi, nilikwambia nini?"

"Huyu ni baba mkwe wangu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Jina lake lipo kwenye karatasi."

"Lipi?"

Nikamwonyesha. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole. "Huyu hakumaliza masomo. Nimeandika hapa, hajulikani alipo." Akamtazama mzee kuanzia viatu hadi sikio. "Mtu asiyejulikana alipo ni rahisi sana kumvaa, mzee wangu. Haya, wewe ni yupi hapa?"

"Huyu," mzee akasema, akimgusa wa kwanza kushoto.

"Huyo ni mhandisi. Na sikio lake bovu ni la kulia, lako la kushoto. Au lilihama nyumba?"

Karani akafunga daftari.

"Jumamosi jina litabaki na maneno yale yale, hajulikani alipo. Na ukija ukumbini, mlinzi atakuwa na habari zako. Fundi, bandika majina kama yalivyo."

Nilichukua gundi. Nakiri niliichukua. Mzee alibaki ameinama, na nikadhani analia, kumbe alikuwa anaangalia nguo. Kwenye picha yenye wanaume saba vifua wazi, yeye alikuwa anatazama koti.

"Mama," akamwita karani, "kocha wetu hapa amevaa koti la kike."

"Unasema?"

"Tazama vifungo. Koti la mwanamume upande wa kushoto unakaa juu ya upande wa kulia. La mwanamke ni kinyume chake. Mimi nakunja makoti miaka arobaini na mbili, mkono wangu unajua hata taa ikizimika. Hili limefungwa kulia juu ya kushoto. Na mfuko wa kifuani upo kulia. Umeshaona wapi?"

Karani akajitazama koti lake mwenyewe. Kisha akanitazama mimi, shati langu, vifungo vyangu. Nikajitazama na mimi. Tulikuwa watu watatu wazima tunakaguana vifua.

"Labda kocha alikuwa maskini, akavaa la mkewe," karani akasema, lakini hakusema kwa nguvu.

"Alikuwa na makoti manne na yote nayajua," mzee akasema. "Alikuwa ananipa nimpigie pasi, ndipo nilipojifunzia."

Karani hakuridhika. Alitaka filamu yenyewe. Tulivuka barabara wote, tukamkuta mpiga picha wa studio, naye akaapa hajakosea kitu, filamu alizipanga kwa uangalifu. Aliitoa akaiinua dirishani. Filamu ina upande unaong'aa na upande mkavu. Ukiweka upande wa kung'aa chini, picha inatoka imegeuka, kushoto kunakuwa kulia.

"Za mpira niliziona namba," akasema, sasa akijikuna shingo. "Ukigeuza, namba zinasomeka kinyume, unarekebisha. Hawa wa mieleka hawana hata herufi mwilini. Ningejuaje?"

"Kwa vifungo," karani akasema kwa ukali, kana kwamba yeye alijua tangu zamani. Akaigeuza filamu kwenye mwanga. Mhandisi mrefu akahamia kushoto. Mfupi mwenye mabega akaja kulia kabisa, mtu wa tano, na sikio lake bovu likawa la kushoto.

Karani alitazama filamu, akamtazama mzee, akaitazama tena filamu. Alimwambia ageuke ubavu, mzee akageuka. Hatimaye akafungua daftari, akayakata yale maneno, akaandika mengine. Sikuona aliandika nini, lakini alimwuliza mzee anakaa mtaa gani.

Tulipokuwa tunarudi, mzee alitembea mbele yangu. Alisema neno moja tu: "Miaka kumi na tisa, mkwe. Ungeniuliza ningekujibu." Ningependa kuandika hapa kwamba niliomba radhi pale barabarani, lakini niliomba siku mbili baadaye, na kwa maneno machache.

Nakala sahihi ilitoka Ijumaa. Niliifunga kioo, nikabandika majina, na kabla ya kuipeleka chuoni nikaipitisha kwa mzee, mke wangu akiwa nami. Alikuwa amebeba chakula cha baba yake. Mzee alikipokea, akakiweka kando bila kukifunua, akaendelea kupiga pasi shuka la mtu.

Mke wangu hakujua aanzie wapi. Akaiegemeza picha ukutani, akapiga magoti mbele yake, akaanza kusoma majina kwa sauti, kutoka kushoto.

"Alifariki," mzee akasema aliposikia jina la kwanza, bila kugeuka.

Jina la pili. "Huyo alihamia mbali."

La tatu. "Mzembe. Lakini alikuwa na mkono mzito."

La nne. "Sijui alipo."

Akasoma la tano, majina yote matatu. Sauti ilimkatika kwenye la mwisho, ambalo ni lake pia. Pasi ilienda mpaka mwisho wa shuka ikarudi. Nikadhani hakusikia, au amekataa kusikia. Mke wangu akafuta uso kwa kanga, akasoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kwa washona viatu.

Mzee akasimamisha pasi.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka uliseme tena."