Wamarekani Watakuona

Mmarekani aliweka kijiko chini, akafuta mdomo, akatikisa kichwa. Hapo nilikuwa nimeshaelewa, lakini Mkenya wa Mombasa aliyekuwa anatutafsiria hakutaka kunipunguzia. Aliwageukia watu wote mezani akasema:

"Meiyou."

Ni neno la Kichina tunaloambiwa kutwa nzima na wenye maduka wa hapa Guangzhou, China, ukiulizia rangi wasiyokuwa nayo. Hakuna. Meza nzima ikacheka, na mama mwenye jiko, aliyekuwa ameshika sahani yangu ya ugali, akacheka nayo mkononi.

"Anasema hakuna kitu kama hicho," Mombasa akaendelea. "Ngumi zina majaji watatu wanaokaa chini, na kazi ya refa ni kuwaachanisha mabondia. Ati tangu utotoni anaangalia ngumi na hajasikia refa akatoa pointi peke yake. Na huyo Mwingereza wako uliyemwangusha hamjui. Hata kumsikia hajamsikia. Sasa bingwa, tuambie, ulipigana wewe, au ulikwenda kuuza maji ukumbini?"

Nilisema, "Mwambie nilipigana."

"Nimeshamwambia. Hataki."

Niwaeleze kwa nini ile ilikuwa siku mbaya kwangu kuliko hata siku niliyopigwa. Pambano kubwa la Marekani la Jumamosi usiku, kwa saa za huku linaingia Jumapili mchana. Basi watu wakitoka kanisani wanakuja kwa mama mwenye jiko, ghorofa ya tatu, wanakula wakiangalia ngumi kwenye televisheni yake. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye jiko hilo nikisimulia kwamba nilipigana Uingereza, nikamwangusha kijana wao raundi ya tano, refa akaninyima. Mtu akibisha, jibu langu lilikuwa moja: mtafuteni Mmarekani yeyote mpenda ngumi, muulizeni, atawaambia. Nilisema yeyote. Nilikuwa na uhakika kiasi hicho. Siku hiyo Mombasa, anayeuza simu na kufahamiana na kila mtu, akamleta Mmarekani. Mwenye kofia, mwalimu wa Kiingereza, anayejua mabondia wa kwao hadi uzito wa mama zao.

Na mimi nikatoka mwongo.

Uhakika ule sikuzaliwa nao. Nilipewa na mtu. Jina lake siliandiki hapa, ila mwenyewe akisoma atajijua, na wenzangu tuliofanya mazoezi pamoja Morogoro watamjua kabla hawajamaliza ukurasa. Ni meneja wangu.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa na mikono na pumzi, basi. Meneja ndiye aliyekuwa na maneno. Alipotaka nikubali kwenda kupigana Uingereza alinikalisha kwenye benchi la gym akaniambia, "Mdogo wangu, usiangalie kushinda wala kushindwa. Angalia nani anakuona. Kila ngumi inayopigwa Uingereza, Wamarekani wanaiangalia. Wale wanaongea lugha moja, wataachaje kuangaliana? Ukisimama vizuri raundi zote sita, Wamarekani watakuona, simu itapigwa."

Mnisamehe, niliamini. Na wewe ungeamini kama ungekuwa umekulia mtaani kwetu. Sisi ambao Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu tulimjua hadi kipa wa akiba wa timu za mpira za Uingereza. Tulijua nani ameumia goti, kocha gani anafukuzwa. Watu wamegombana na wake zao kwa ajili ya timu ya mji wasiouona hata kwenye ramani. Sasa sisi wa Morogoro tunafuatilia namna hiyo, Mmarekani aliyeongea Kiingereza tangu mikononi mwa mama yake atashindwaje kufuatilia ngumi za Waingereza? Nilijiuliza hivyo, nikajijibu mwenyewe, nikafunga begi.

Tulifika Jumanne. Jumatano nikaambiwa mpinzani amebadilishwa, huyu mpya amenizidi kilo nne. Meneja alisema tayari ameshakubali. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa michezo wa mtaa, mji mmoja wa kaskazini wenye baridi ya kuuma meno. Pembeni ya ulingo, sakafuni, ilionekana mistari ya kuchezea mpira wa vinyoya. Nilitafuta kamera za Wamarekani. Niliona moja, imeshikwa na binti wa promota.

Kule wana utaratibu wao, na ndio uliokuja kunitia aibu Guangzhou. Kona moja ni ya kijana wa nyumbani. Yeye ndiye aliyeuza tiketi kwa wajomba na majirani, ukumbi wote ni wake. Kona ya pili ni ya mgeni. Mgeni analetwa ili kijana apate mtu wa kushinda. Na kwenye mapambano madogo kama yale hawaweki majaji watatu. Refa yuko ulingoni peke yake, anawaachanisha, na pointi anaziweka kichwani na kwenye kikaratasi chake. Kengele ya mwisho ikilia anakwenda moja kwa moja kunyanyua mkono wa mshindi. Hakuna kutangaziwa huyu jaji kasema hivi na yule vile. Mtu mmoja, mkono mmoja, kwaheri.

Raundi mbili za kwanza alinizidi. Ya tatu niliichukua mimi, ya nne akarudi. Ya tano nikamwona anashusha mkono wa kulia kila akitaka kuvuta pumzi. Nikamsubiri. Ngumi ya kushoto ikampata kwenye sikio, akaketi chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Wajomba wakanyamaza. Alihesabiwa hadi nane akainuka, na miguu yake haikuwa yake. Ninaijua hali ile. Ngumi mbili zaidi, tatu kama ana moyo, tunakwenda kuoga.

Ndipo nikasikia Kiswahili kutoka kwenye kona yangu. Ukumbi mzima wenye kuelewa Kiswahili tulikuwa wawili.

"Muache apumue! Muache apumue, bwana, utatuharibia!"

Nikageuza macho kumtazama. Alikuwa anapunga taulo kunishusha, kama unavyomshusha mbwa. Nikarudi nyuma hatua moja. Ile hatua moja nimeirudia kichwani kila nikipiga mswaki, miaka yote hii.

Kwenye kiti aliniambia, "Ukimmaliza hatuitwi tena huku. Maliza kwa miguu yako. Mmarekani anampenda anayemaliza kwa miguu yake."

Raundi ya sita kijana alikuwa amepumua. Aliniingiza kidole gumba cha glovu kwenye jicho la kushoto, sijui kwa kusudi au kwa uchovu, na refa, aliyekuwa karibu kiasi cha kunisikia nikilia, hakuona kitu. Nilimaliza kwa miguu yangu kama nilivyoagizwa. Refa akanyanyua mkono wa kijana. Hamsini na saba kwa hamsini na sita. Pointi moja. Wajomba walinipigia makofi nikishuka, na hayo makofi meneja akayatumia mwaka mzima: "Uliona? Hata wao walikupenda."

Basi nikasubiri simu ya Marekani. Nilinunua laini ya pili ili ya kwanza isiwe na shughuli. Mtu mzima nilikuwa nakwenda msalani na simu mkononi. Jicho likaanza kuniletea vidoa vyeusi, kisha kivuli pembeni. Nikamwambia meneja, akasema ni uchovu, tusilitangaze, Wamarekani wakisikia jicho hawapigi. Nilipofika kwa daktari aliniambia kitambaa cha nyuma ya jicho kimebanduka, na kwamba ningekuja mapema kingeshonwa. Nimetumia neno kitambaa kwa sababu ndilo alilolitumia yeye, na kwa sababu ndicho ninachouza sasa. Ngumi ziliishia hapo. Nilikuja Guangzhou na mtaji wa shemeji yangu, na tangu wakati huo natembea soko la Zhongda kuchagua majora ya vitambaa kwa jicho moja. Bluu ya giza na nyeusi nikiwekewa pamoja siwezi kuzitenganisha mpaka nitoke nje juani, na laoban, mwenye duka, ananifuata akidhani namkimbia na mali yake.

Yote hayo niliyabeba. Nilijiambia, sawa, nilipoteza, lakini nilionekana. Kule Marekani yupo mtu aliyeona nikimwangusha yule kijana, ila simu haikutokea tu. Hilo ndilo lilikuwa langu. Na Jumapili hiyo Mwenye kofia akaniambia meiyou.

Video ipo mtandaoni. Mombasa aliitafuta palepale mezani ili anisaidie, nadhani moyo ulimsuta. Imepigwa kutoka mbali, kichwa cha mjomba mmoja kimeziba nusu ya ulingo, na raundi ya tano yote haimo. Imeangaliwa mara mia mbili na kitu.

"Si haba," Mombasa akasema.

"Nusu yake ni mimi," nikamwambia.

Hakucheka mtu.

Jumapili iliyofuata sikutaka kwenda. Mama mwenye jiko akanipigia: "Kaka, njoo ule. Na yule Mmarekani wako amekuja na mwenzake, anakuulizia." Nikaenda nimevaa uso wa kupigana.

Huyo wa pili naye alikuwa Mmarekani, mzee, mfupi, ananunua vifaa vya michezo, amekuja Guangzhou kukagua glovu zake kiwandani. Mwenye kofia alikuwa amemsimulia habari za mwongo wa Kiafrika na refa wake. Mzee akaomba aniangalie. Alinitazama mikono, akanitazama jicho, akaongea kwa muda. Mombasa alimsikiliza mpaka mwisho, na alipotafsiri sauti ya mzaha ilikuwa imemtoka.

"Anasema wewe husemi uongo. Kule Uingereza kwenye mapambano madogo refa anatoa pointi mwenyewe. Anamwambia mwenzake hapa kwamba hajui kitu."

Mwenye kofia akanipa mkono, akasema samahani. Alikuwa muungwana, nisimseme vibaya. Akaeleza kwamba kwao Mwingereza wanamjua akija kugombea mkanda wa dunia. Hayo ya mitaani kwa Waingereza yanapiganwa wakati Marekani ni Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana wao wana mpira wao ule wa vyuo, wa kubeba mikononi na kuangushana. Nani ataacha huo?

"Muulize mzee," nikamwambia Mombasa. "Yeye anayafuatilia?"

Alikuwa anayafuatilia. Alisema yuko yeye na wengine wachache kama yeye, wagonjwa wa ngumi, wake zao wamewachoka. Nikamtajia jina la kijana niliyemwangusha. Mzee akainua kidole. Alimjua. Kijana alishinda mfululizo, akaja kupigwa mara mbili, akaacha.

Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilikuwa nimempata. Mmarekani wangu alikuwepo kweli, na alikuwa mbele yangu anakula maharage.

"Muulize aliona pambano letu."

Mombasa akamuuliza. Mzee akajibu polepole, na macho yake yalikuwa kwangu.

"Hakuona. Anasema hayo madogo hayaoneshwi, anasoma matokeo tu. Yeye anamfuata kijana wa nyumbani. Wa kona ya pili hawamwangalii. Alisoma kijana ameshinda kwa pointi, akapita." Mombasa akanigeukia. "Ndugu yangu, nimalize?"

"Maliza."

"Anasema, kama angesoma kijana amemalizwa raundi ya tano, angesimama hapohapo amtafute ni nani aliyemmaliza. Anasema wote wangekutafuta. Kwao, wa kona ya pili anaonekana kwa njia hiyo tu."

Mama mwenye jiko akazima televisheni.

Sasa nitaje wenye makosa, maana nimechoka kuyabeba peke yangu. Refa alikuwa karibu na kile kidole gumba na hakusema neno: ana lake. Promota alinibadilishia mtu siku tatu kabla, kilo nne zaidi: ana lake. Mimi nilirudi nyuma hatua moja wakati mikono ilikuwa yangu: nina langu, na jicho nimeshalilipia. Lakini aliyeniambia muache apumue ni mmoja. Aliyeniambia Mmarekani anampenda anayemaliza kwa miguu ni huyohuyo, na hakuwa amekaa na Mmarekani hata siku moja kumuuliza. Kama alidanganyika kama mimi, kwa akili zilezile za mpira, aseme hivyo. Kama alijua, aseme alijua.

Maana bado anaendelea. Waliokuja juzi kutoka nyumbani wanasema benchi ni lilelile, maneno ni yaleyale, na mabondia wanapanda ndege na begi moja: Wamarekani watakuona.

Na yeye mwenyewe anakuja Guangzhou. Siku hizi ananunua glovu huku na kuzisafirisha. Nimeambiwa alionekana soko la nguo la Shisanhang akichagua bukta za ulingoni, na aliposikia nipo mjini akabadilisha hoteli. Hakuna haja ya kukimbia, mimi sipigani tena. Anachotakiwa ni kuja kwa mama mwenye jiko, ghorofa ya tatu, Jumapili yoyote saa sita mchana. Mombasa atatafsiri. Mzee amesema akiwa mjini atakuja, na Mwenye kofia hakosi. Kiti cha kulia kwangu namwachia, upande wa jicho zima, nimwone vizuri akijibu.

Akae, ale kama ana njaa, halafu aniambie mbele yao: ni Mmarekani gani?