Ng'ombe Aliyeshindwa Kusimama

Miaka ile niliishi Husby, mtaa wa Stockholm nchini Uswidi, na kazi yangu ilikuwa ukalimani. Niliitwa hospitalini, shuleni, kwenye ofisi za uhamiaji, popote ambapo mtu wetu wa Kiswahili na Mswidi walihitaji kuelewana. Mkalimani hana maoni. Mtu akisema "nilimpiga", nami nasema "nilimpiga", kama vile mkono ulikuwa wangu. Kanuni hiyo haikuwahi kunikera hadi asubuhi nilipopelekwa machinjioni.

Aliyenichukua kwa gari alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Njiani alinieleza kwamba machinjio tuliyokuwa tukienda, nje kidogo ya Stockholm, yalikuwa yamelalamikiwa na dereva wa lori. Tulikuwa tunakwenda bila kutoa taarifa. Wanaume kadhaa waliokuwa wakipokea mifugo pale walitoka Kongo na Kiswidi chao kilikuwa haba, ndiyo maana akanihitaji.

"Umewahi kuona mnyama akichinjwa?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba nimekulia Burundi, kwa baba aliyefuga. Nilijibu kwa majivuno kidogo, nikidhani hakuna cha kunishtua huko.

Tulipewa makoti meupe, buti na kofia za plastiki. Mlangoni nilipigwa na harufu ambayo sikuitegemea. Damu naijua, na mavi ya ng'ombe nayajua. Hii ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua.

Tukaikuta sababu yake nyuma ya lori. Ng'ombe mzee wa maziwa alikuwa amelala ubavu kwenye saruji, nyonga imevunjika safarini, kiwele kimejaa hata maziwa yakawa yanamvuja yenyewe na kuchanganyika na mkojo. Sheria ya Uswidi iko wazi: mnyama asiyeweza kutembea huuawa pale pale alipolala. Huyu walikuwa wamemfunga mnyororo mguu wa nyuma na kuutia kwenye trekta dogo, na alikwisha kuburutwa kiasi kwamba ngozi ya goti ilikuwa imechunika, mfupa unaonekana. Mwanamume mmoja, Mkongo wa umri wangu hivi, aliushika mnyororo usiteleze. Msimamizi wao, Mswidi mnene, alikuwa ameinama akimchoma ng'ombe puani kwa fimbo ya umeme. Kila alipomgusa, ng'ombe alitupa kichwa na kukibamiza sakafuni. Msimamizi hakuwa na hasira yoyote. Alifanya vile kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango akingoja afunguliwe.

"Acheni," daktari alisema.

Trekta likazimwa. Daktari akaagiza ng'ombe apigwe bastola ya kumzimisha fahamu hapo hapo. Msimamizi akaleta bastola yao, ile inayosukuma msumari wa chuma badala ya risasi, akaiweka kwenye paji la uso, ikalia. Kichwa kikaanguka. Wakataka kuanza kuvuta, lakini daktari akainua mkono, akapiga magoti kwenye ule uchafu na kugusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole. Kope ikafumba.

"Bado anahisi," alisema. "Leteni bastola nyingine."

Ya pili ilikuwa imefungiwa ofisini. Wakati tukiisubiri, msimamizi alitazama saa yake, kisha akahema. Ng'ombe naye alikuwa akihema. Nilijilazimisha kutazama, kwa sababu kugeuza uso niliona ni kumwacha peke yake.

Alipokufa kwa bastola ya pili, tuliingia chumba cha chakula ili daktari awahoji. Msimamizi alijimiminia kahawa. Hakunawa. Kwa vidole vile vile alipaka mkate wake ini la kusaga, akaanza kula mbele yetu, na kila alipong'ata niliona ukingo mwekundu wa kucha zake.

Daktari alimgeukia yule Mkongo. Nani alimwamuru afunge mnyororo? Nikatafsiri.

Mwanamume yule alinitazama mimi, si daktari. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "nikisema nitakosa kazi. Ile usimwambie."

"Kaka, chochote utakachosema hapa ni lazima nikitafsiri," nilimjibu. Kisha nikamwambia daktari kwa Kiswidi yote mawili, aliyoyasema yeye na niliyomjibu.

Msimamizi akacheka na mkate mdomoni. "Unapaswa kuelewa," alimwambia daktari, "hawa wanatoka mahali ambapo wanyama hupigwa. Ni desturi yao. Ninajitahidi kuwafundisha."

Alilisema hilo huku mimi nimeketi mbele yake, mweusi kama wao, na ikanipasa kulirudia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nililirudia. Nilihisi kama nimelambishwa ile saruji.

Mkongo akasema, "Mwambie daktari, kwetu ile fimbo ya umeme haikukuwa. Hata umeme yenyewe haikukuwa. Ni huyu mkubwa alinipa ile fimbo siku ya kwanza, akanionyesha pa kugusa: pua, macho, chini ya mkia. Alisema hapo ndipo ng'ombe anasikia haraka."

Nikatafsiri. Msimamizi akaacha kutafuna.

Majuma kadhaa baadaye daktari aliniita tena kwa ukaguzi wa pili. Fimbo za umeme zilikuwa zimeondolewa na bastola zilikuwa mpya. Yule Mkongo hakuwepo; aliambiwa kazi imepungua. Msimamizi alikuwepo, katika shati safi. Alikuwa amehamishiwa ofisini, na kazi yake mpya ilikuwa kuwafunza wafanyakazi namna ya kuwatunza wanyama. Alinipa mkono. Nilijifanya napekua mkoba wangu. Tulipofika garini, daktari alisema kwamba mamlaka yake yanaishia kwa wanyama.

Mkongo nilikutana naye mwaka uliofuata huko Hjulsta, mtaa mwingine wa Stockholm, kwenye chai baada ya ibada. Alikuwa akisafisha mabasi. Nilimwambia nasikitika alivyofukuzwa.

"Usisikitike," alisema. "Siku ile yule ng'ombe alikuwa analia kabisa, dada. Unajua niliwaza nini? Niliwaza leo nimebeba chakula gani. Wewe uliingia na ule uso wako wa kutapika, ndiyo nikashtuka kwamba kuna kitu kinalia."

Mtu akatuletea sahani ya mishikaki. Aliipokea kwa heshima, akaipitisha kwa meza ya pili bila kuchukua hata mmoja, nasi tukaendelea na chai.