Karibu ya Tatu

Siku niliyoingia Kuala Lumpur naikumbuka, mwanangu Nasra, kama vile viatu vyangu bado vina maji yake. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, barabara inafuka mvuke, na teksi ilinishusha na sanduku langu, birika la kahawa ambalo mama alilizungushia shuka, na kopo la halwa. Dereva akaondoka zake. Nikasimama pembezoni mwa njia, sijui hata mguu wa kwanza niuweke wapi.

Na wewe sanduku lako liko pale mlangoni, limeshafungwa, wiki ijayo unakwenda mji huohuo kusoma. Umeniuliza kukoje. Mambo ya treni na mitaa utayaona kwenye simu yako kabla hujafika. Mimi nitakwambia lile ambalo simu haitakwambia.

Enzi zetu hapa Maskati, ukitaka rabsha ulikuwa unapelekwa sokoni Hamriya, unachagua kitambaa, unarudi ndani ya gari ya baba, vioo vimepandishwa. Nilidhani Hamriya ndio mwisho wa makelele ya dunia. Kumbe wapi! Huko pikipiki zinapita mbele yako na nyuma yako. Wachina wanapanga viti mpaka njiani, Wahindi wanauza mashada ya maua, na wanawake wa Kimalei waliojitanda vizuri wanageuza mishikaki juu ya mkaa huku wanataniana. Adhana inatoka upande huu, kengele za hekalu upande ule, na hakuna anayeshangaa. Yale majumba mapacha mnayopigia picha nyie, sisi tuliyakuta yana winchi juu, bado yanajengwa. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa.

Kisha nikaziona shokishoki. Mimi Unguja niliondoka nimebebwa, sina ninalolikumbuka. Lakini bibi yangu, kila akila tofaa la dukani hapa, alikuwa anasema, "Hili tunda au pamba?" halafu anaanza kuhadithia shokishoki za kwao, nyekundu, zina manyoya, ukiimenya inakutazama. Sisi watoto tukikonyezana, tukijua Bibi anatia chumvi. Na pale mbele yangu, kwenye meza ya muuzaji mzee, palikuwa na lundo la shokishoki, nyekundu, na manyoya yake. Machozi yalinitoka barabarani.

Yule mzee akaniona. Akachukua moja, akaimenya, akaninyooshea nionje. Nami nikaweka mkono kifuani, nikatabasamu, nikasema ahsante, sihitaji. Akaitia mdomoni mwake mwenyewe, akamgeukia mteja mwengine. Nikabaki nimesimama, nangoja aniambie tena.

Usicheke. Wewe umelelewa hapa Maskati, mtaa huu wa Bawshar, unaujua utaratibu wetu. Ukiwa kwa watu, ukaambiwa karibu chakula, unasema alhamdulillahi, nimekula. Wakikwambia tena unasema nimeshiba kabisa, na tumbo linanguruma. Mara ya tatu mwenye nyumba anakula kiapo, anakushika mkono, anakukalisha, nawe unakwenda kama uliyeonewa, kisha unakula mpaka unashindwa kuinuka. Anayekubali mara ya kwanza, watu watasema ana njaa ya kwao. Mwenye nyumba asiyelazimisha, watasema bakhili. Ndivyo tulivyolelewa, na uzuri wake upo, siubezi. Ila mchezo huu ni wa watu wawili, na lazima wote wawili waujue.

Sasa nikwambie kilichokuwa kimenielemea. Baba aliniruhusu kwenda kusoma kwa shida. Ami Nassor, kaka yake, babu yako wewe mzaa mama, Mungu amrehemu, hakutaka hata kusikia. Alisema mbele ya watu wote, kikombe cha kahawa mkononi: "Mtoto hajapata kuvuka njia ya Al Khuwair hapa mjini peke yake, leo mnampeleka kwa Wamalei? Huyu atarudi hata sanduku hajalifungua." Nyuma ya pazia tulikuwa tumejipanga wasichana wa ukoo mzima, na mama yako miongoni mwetu, tunasikiliza. Sote tulifahamu. Nikidumu kule, wao nao watakwenda. Nikirudi nalia, hakuna tena wa kuomba ruhusa.

Bweni letu tulikaa wanne chumba kimoja. Jirani wa kitanda changu alikuwa Salmah, binti wa Kimalei mwenye miwani minene na sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku za masomo tukila kantini, hapakuwa na neno. Mwisho wa wiki kantini ilifungwa, na wenzangu wakiletewa vyakula na jamaa zao. Wanatandika magazeti sakafuni, wanafungua majani ya mgomba, chumba kizima kinanukia nazi.

"Njoo ule," Salmah ananiambia.

"Ahsante, nimeshiba."

"Haya," anasema, na wanaanza kula.

Haya! Nageuza uso ukutani, nafungua kitabu, nasikiliza wanavyolamba vidole. Kwenda mkahawani peke yangu, msichana wa kwetu, hilo halikunipitia hata kichwani. Siku hizo nikawa naishi kwa halwa ya mama na maji. Nilikonda, na uchungu ulinikondesha zaidi ya njaa. Niliamini kabisa kwamba wale wasichana hawanitaki.

Nikapiga simu nyumbani. "Mama, watu wa huku hawanipendi. Wananikaribisha juu juu tu, halafu wanakula mbele yangu." Mama akalia na yeye. Baba akachukua simu, sauti imemshuka. "Basi, mwanangu. Ami yako anakuja huko kuchukua samani za duka lake. Utarudi naye."

Niliposikia jina la Ami Nassor nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilianza kukunja nguo.

Salmah akanikuta. "Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

Akakaa kitandani kwangu. "Ni sisi? Au chakula chetu kinakutia kinyaa? Tangu uje hujala na sisi humu chumbani hata tonge moja. Mama ameniuliza kama amekukosea kitu."

Hapo uvumilivu wangu wote ulikwisha, mwanangu. Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa: "Nnakipenda! Nna njaa tangu siku niliyofika! Lakini nyinyi mnaniuliza mara moja tu!"

Salmah akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwani niulize mara ngapi?"

"Tatu. Na ya tatu ule kiapo."

"Na zile siku zote ulizosema umeshiba?"

"Nilikuwa na njaa."

"Zote?"

"Zote."

Alianguka chali kitandani kwa kicheko, na wenzetu wawili wakaja mbio wakidhani mtu ameumia. Alipowahadithia, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, na machozi yananitoka. Kisha Salmah akanishika mkono, safari hii hacheki. "Mimi mtu akiniambia ameshiba, namsadiki. Ningekulazimisha ningekuwa nakuita muongo. Nilikuwa nakuheshimu, wewe!"

Basi tazama. Mimi nakataa kwa adabu, yeye ananiacha kwa adabu, na tulikuwa karibu kuachana kwa adabu. Niliziacha nguo kitandani zikunjuke zenyewe, nikaenda kula.

Asubuhi yake Salmah akanitoa. "Njoo ule," akasema, na kabla hajamaliza neno nikajibu, "Naam!" Tukakaa kwenye viti vya plastiki kando ya njia, pikipiki zinatupitia ubavuni, tukaletewa vifurushi vya majani ya mgomba. Nikafungua changu. Wali wa nazi, mwanangu! Wali wa nazi, na dagaa wa kukaanga juu yake, na pilipili ya kusaga, asubuhi, watu wanakwenda kazini! Nilisafiri mbali kiasi kile kukuta chakula cha jikoni kwa bibi yangu. Nilikula, nikaomba chengine, na hakuna aliyesema nina njaa ya kwetu.

Tukapita kwa yule mzee wa shokishoki. Alinikumbuka, akamenya moja, akaninyooshea. Niliipokea mkono wake haujanyooka sawasawa. Ilinitazama, nikaila. Bibi hakutia chumvi hata chembe.

Toka siku ile mji ukawa wangu. Nilijua njia za mkato, nilijua mama gani mishikaki yake haiungui, nilivuka barabara zile huku nazungumza. Na wale wasichana wakapata mchezo mpya. Niliwafundisha maneno, basi kila tukikaa kula wananiapia kwa Kiswahili, "Wallahi utakula!" hali mdomo wangu umejaa tayari. Mungu atatusamehe viapo vile.

Lakini siku ikafika, Ami Nassor akaja, na tiketi yangu ipo mfukoni mwake. Nilimwambia Salmah, na Salmah akamwambia shangazi yake anayekaa mjini na mumewe. Shangazi akasema mgeni aletwe kwake. Tulipika kutwa nzima. Mimi pilau, yeye kuku wa rojo la nazi, na Salmah kazi yake ilikuwa kuonja na kuwapa amri wenzetu wawili wa chumbani.

Ami akaingia na kanzu imenyooka, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, uso umefungwa. Alinitazama juu mpaka chini, akaona sijakonda kama alivyoambiwa, akakaa. Shangazi akaleta sinia, akaliweka mbele yake. "Karibu, Encik, ule," akasema. Encik ndiyo bwana kwao.

Ami Nassor akaweka mkono kifuani. "Ahsante sana, mama. Alhamdulillahi, nimekula hotelini."

Shangazi akainamisha kichwa kwa heshima, akalinyanyua sinia, akarudi nalo jikoni.

Laiti ungeliona jicho la babu yako! Lilikwenda na lile sinia mpaka mlangoni. Shingo haikugeuka, jicho lilikwenda. Akameza mate. Yule mzee mkali, aliyesema sitadumu, alikuwa amekaa pale pale nilipokaa mimi, kwenye njaa ile ile, anangoja karibu ya tatu katika nyumba ambayo haina ila moja. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Na nikajua, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kwamba kipo kitu ninachokijua mimi na Ami Nassor hakijui.

Nikamtazama Salmah. Hakuhitaji kuambiwa. Aliruka jikoni, akarudi na sinia, shangazi nyuma yake anashangaa, na wenzetu wawili wamesimama mlangoni. Wasichana wote watatu kwa pamoja, kwa Kiswahili, nyumba ikatetemeka:

"Wallahi, Ami, utakula!"

Ami Nassor aliduwaa. Aliwatazama wale mabinti wa Kimalei mmoja mmoja, akanitazama mimi, akawatazama tena. "Nimeshiba, wanangu," akasema, lakini midomo imeanza kumcheza.

"Wallahi!" Salmah akakaza. "Hutoki hapa!"

Basi akacheka, mwanangu. Babu yako, ambaye kwetu tulikuwa tunaona meno yake sikukuu kwa sikukuu, alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Akakunja mikono ya kanzu, akasogea kwenye sinia. Alikula pilau, akala kuku, akaongezwa, akaongezwa tena. Mume wa shangazi akamletea doriani, ina miba yake na harufu yake kali, akaila yote, akasema hii ndiyo ya Unguja khasa, na macho yakamlowa.

Tulipotoka nje nikamuuliza, maana roho ilikuwa juu: "Ami, nikachukue sanduku langu?"

Akatia mkono mfukoni, akaitoa tiketi. "Mie nilitumwa nikamchukue mtoto aliyekosa watu," akasema. "Nimemtafuta, sikumuona." Akaipasua pale pale, vipande akavitia mfukoni asichafue njia ya watu.

Yaliyobaki unayajua, maana mwaka uliofuata Ami alimleta mama yako kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi kwa Salmah, wala si kwangu. Nyuma yake wakaja wengine. Na sasa unakwenda wewe.

Basi nisikilize, Nasra. Ukifika ugenini, mtu akikupa kitu unachokitaka, sema ndiyo mara ile ile, kwa uso mkunjufu. Usimpime mwenzio kwa mtihani ambao hujamwambia kama anaufanya. Ukihisi hawakutaki, waulize kabla hujakunja nguo. Lakini usiache ya kwenu ukadhani ni ushamba. Wafundishe. Watu wanapenda kufundishwa kupenda, na siku moja watakusimamia kwa maneno yako mwenyewe. Na akija kwako mgeni anayesema ameshiba, litazame jicho lake, liko wapi.

Mwenyezi Mungu akutangulie kila njia utakayovuka, akupe marafiki wenye sauti kubwa na mikono mepesi, asikuonjeshe njaa ya tumbo wala ya moyo, na akurudishe kwetu umenawiri. Sema amin.

Haya sasa, sogea, wali unapoa. Na leo nakuuliza mara moja tu.