Nilikijaribu kwanza kipimo cha saratani, kisha kikanipima mimi

Wakuu, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzee wa Kariakoo, vidole vyangu vizito kwenye simu, nivumilieni. Haya yamenipata mwenyewe, na Mwenyezi Mungu ni shahidi.

Nauza taa na vifaa vya umeme tangu enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mizigo ya nje ikaanza kumwagika, mizima na feki pamoja. Ndipo tulipojifunza kutundika soketi ya kujaribia taa kwenye kaunta. Mteja haondoki na taa ambayo haijawashwa mbele yake.

Lakini kabla ya mteja, unaijaribu soketi yenyewe: kwanza taa unayoijua ni nzima, kisha unayoijua imeungua. Soketi ikidanganya, utabishana na watu bure.

Sasa twende kwenye mkasa.

Jirani yangu wa duka, Mhindi wa Upanga tuliyezoeana kama ndugu, ana binti mtafiti, Hetal. Siku moja aliingia dukani na kikasha kinachoenea kiganjani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea biashara?"

"Nimeleta kipimo cha saratani ya tezi dume. Kibali cha utafiti tunacho, tunatafuta wazee wa kujitolea."

Akanieleza. Kuna kipande chembamba kilichopakwa chembe za dhahabu, ndogo mno, jicho halizioni. Wenyewe wanaziita nano. Juu yake kuna kingamwili zinazonasa protini inayotoka kwenye tezi. Unadondosha tone la damu. Protini ikinaswa, umeme unaopita pale unabadilika, na kikasha kinasoma. Hata protini ikiwa kidogo sana, inaonekana.

Umeme naujua. Nikamwambia, "Sawa, ila kwanza nikijaribu hicho kipimo chako."

Akacheka. "Hata sisi maabara ndivyo tunavyofanya. Lete watu wako."

Nikamwita rafiki yangu Chilumba, muuza korosho, mtu wa Lindi. Hospitali ilikuwa ndiyo kwanza imemwambia ana saratani hiyo, imeshafika kwenye mifupa, na dawa alikuwa hajaanza. Nikamwita na mwanangu Idi, aliyepimwa karibuni akaonekana salama. Wote waliridhia. Hetal hakuambiwa nani ni nani.

"Kwa hiyo leo mimi ndiye taa iliyoungua?" Chilumba akaninong'oneza pembeni, Hetal asisikie.

"Wewe uliungua siku nyingi, leo tunakuthibitisha tu."

Kikasha kikasema kweli. Namba ya Chilumba juu kabisa, ya Idi chini.

Ikaja zamu yangu. Namba ikapanda, si kama ya Chilumba, lakini ikavuka mstari wa usalama.

"Hiki kipande kibovu," nikasema. "Weka kingine."

Akaweka kingine. Yaleyale.

"Baba mkubwa, hii si hukumu. Hata tezi ikivimba tu, protini inapanda, na kifaa bado kiko kwenye majaribio. Ila nenda hospitali."

"Mimi mzima. Siumwi popote. Namwachia Mungu."

Chilumba akaacha utani. "Shomari, mimi nilimwachia Mungu mpaka mgongo ukagoma. Soketi umeijaribu mwenyewe. Sasa unabishana na nani?"

Niliswali adhuhuri, nikafunga duka, nikaenda.

Hospitali wakarudia damu, wakapiga picha, wakachukua kinyama cha tezi wakakichunguza. Ilikuwa saratani kweli, lakini changa, haijatoka nje ya tezi. Hofu ilinishika, siwafichi. Ila niliazimia kutokosa kliniki hata mara moja, hata bonde la Jangwani lifurike na njia ikatike. Nikafanyiwa upasuaji. Alhamdulillah, naandika haya nikiwa dukani.

Chilumba anaendelea na dawa za kupunguza makali ya ugonjwa. Tunaswali safu moja, yeye kwenye kiti.

Funzo langu ni hili: kumtegemea Mungu si kukataa kujua. Ukijua mapema, hiyo nayo ni neema, ipokee.

Ninyi mliovuka hamsini, na ninyi wenye baba zenu nyumbani, semeni hapa: nini kinawazuia kupima? Bisheni mkitaka, nitasoma yote. Ila asije mtu akaniambia hajapima kwa sababu anajisikia mzima.

Hata mimi nilijisikia mzima.