Dada Aliyesimama Nyuma ya Ukungu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize. Mimi nilikuwepo, na mkono wangu wa kulia ni shahidi.

Kazi yangu ni kuunganisha picha kwa kompyuta. Nachukua mbingu ya picha hii, mlima wa picha ile, napanga tabaka juu ya tabaka, hadi unapata jumba linaloelea mawinguni. Nilikuwa na chumba cha kazi ghorofani River Road. Mwaka huo dada yangu Nekesa alikuwa amefariki. Tulikuwa tukiishi pamoja Dagoretti Corner, wawili tu, na baada ya mazishi ile nyumba ilinishinda. Hata Jumapili nilikuwa naenda kazini, ilhali maduka yote yamefungwa na hakuna wa kusema naye.

Basi Jumapili moja alasiri akaingia mama mmoja, nadhifu, sauti ya upole.

"Sasa? Nataka unitengenezee picha ya kwetu."

"Umekuja na picha gani?"

"Sina. We jenga tu, nitakuonyesha."

Akavuta kiti, akaketi karibu nami. Niamini, nilifurahi. Ni nani alikuwa ameketi karibu nami tangu Nekesa aende?

Nikaweka bonde, maporomoko ya maji, miezi miwili angani, jumba la mawe meupe. Lakini kila nikiweka kitu, ananirekebisha.

"Hiyo mto inapita huku nyuma. Na hapo kwa mlango kuna ngazi."

Nilidhani ni mtu wa ndoto nyingi. Mwisho nikafunika ngazi kwa ukungu ili ipendeze.

"Sasa toa huo ukungu," akasema.

Nikaizima ile tabaka ya ukungu. Kwenye ngazi palikuwa na watu. Watu ambao sikuwaweka! Nikapekua tabaka zote, moja moja; hakuna iliyokuwa na mtu. Nikavuta picha karibu. Katikati yao alisimama Nekesa, na kile kitambaa cha buluu tulichomzika nacho.

Ungefanya nini? Mimi nililia.

"Amekungoja sana," mama akasema. "Jipige picha, ujiweke hapo kando yake. Nafasi yako iko."

Na kweli palikuwa na pengo, upana wa mtu mmoja. Nikajipiga picha kwa simu, nikajikata taratibu, unywele kwa unywele, nikaanza kujivuta kwa kipanya kuelekea ngazini. Vidole vilivyoshika kipanya vikaanza kuganda kwa baridi. Sikujali. Nilikuwa naenda kwa dada yangu.

Hapo ndipo nikaona kiganja chake. Kilikuwa chini, sasa kimeinuliwa, kimenielekea. Tulipokuwa watoto kule Bungoma, hivyo ndivyo alivyonizuia kando ya barabara gari likija.

Nikang'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

Mama hakukasirika. Alinyanyuka, akanyoosha sketi yake. "Haya. Mwenye upweke si wewe peke yako mji huu." Akatoka.

Nilikimbia chini. Barasa, mlinzi wetu, alikuwa mlangoni akila mahindi.

"Huyo mama ameenda wapi?"

"Mama gani? Tangu asubuhi ni wewe tu umepanda hizo ngazi."

Picha sikuipata tena kwenye kompyuta. Siku hizi nafanya kazi Parklands, albamu za harusi, ofisi imejaa watu na kelele. Mkono huu wa kulia haujapata joto tena tangu siku ile. Madaktari wameupima, wanasema ni mzima. Ukinisalimia, utashtuka.

Nawe unayekaa peke yako na kompyuta yako, sikia. Mtu akija akuombe umjengee mahali, kisha akakukosoa kama aliyezaliwa pale, zima. Zima, uteremke barabarani ukatafute watu, hata wa kugombana nao. Mimi niliyezuiwa bado kuna Jumapili natamani ningemaliza kujivuta hadi kando yake. Wewe huenda usiwe na wa kukuinulia kiganja.