Meza ya Ijumaa na Safu Iliyochelewa

Habari ilinifikia Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa mezani namalizia makala. Mke wa fundi alipiga simu mwenyewe. "Shemeji, fundi ametutoka," alisema. Alianguka alfajiri akitawadha, presha ikamchukua kabla hata ya kufikishwa hospitali. Watu wake ni Wanubi wa Bombo, wajukuu wa wale askari walioletwa kutoka Sudani enzi za mkoloni, na kwao maiti haikawizwi. Nililijua hilo vizuri. Lakini mhariri alikuwa anasubiri, nikajiambia nimalizie aya mbili tu ndipo nitoke. Foleni ya Barabara ya Bombo ikanikamata pale Bwaise, na nilipofika makaburini kule Bombo walikuwa wanasawazisha udongo kwa mgongo wa koleo. Nilisimama pembeni na viatu vyangu visafi, nikaona haya. Kuchelewa kwangu kwa mtu yule hakukuanza siku hiyo, na hilo ndilo ninalotaka kuliungama leo. Wasomaji wangu wa Jumatano mniwie radhi kama safu itakuwa nzito kuliko mlivyozoea.

Nilimjua kwa sababu ya mpira. Nilikuwa nimenunua kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye televisheni na kuleta mechi na filamu kwa njia ya intaneti, nikajiona nimeendelea. Kumbe sikuwa nimefikiria umeme wetu. Mechi ikifika patamu, stima inakwenda. Ikirudi, kisanduku kinaanza upya, kinavuta tena kila kitu tangu mwanzo, na data yote inaliwa kabla ya kufika pale ulipoishia. Jirani yangu wa Mbuya akanielekeza kwa fundi mmoja katikati ya Kampala, kwenye jengo la maduka lenye vibanda vingi hata ukiingia unasahau ulipotokea. Nilimkuta mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, kofia ya kufuma kichwani na miwani ya kusomea shingoni kwa uzi wa kiatu. Alikipokea kisanduku changu kama mkunga anavyopokea mtoto, akakigeuza, akacheka. "Hii haina ugonjwa, ssebo," alisema, yaani bwana kwa Kiganda. "Hii hapana jua kulala. Stima inaenda, yeye inakufa. Mimi nitaifunza kulala."

Na kweli alikifundisha. Alitoa betri kwenye simu kuukuu, akaipandikiza ndani ya kisanduku, kisha akakipangia namna ya kutunza kile ambacho kimekwisha kuvutwa pamoja na mahali hasa picha iliposimama. Stima ikikatika kinalala, stima ikirudi kinaamka na kuendelea palepale, bila kuvuta tena hata chembe ya data. Jambo dogo, utasema. Lakini nenda Bwaise ukamuulize mama mwenye kibanda cha chapati aliyetaka tu kumaliza tamthilia yake, atakuambia udogo wake. Nusu ya mtaa ule walikuwa na visanduku vilivyopita mikononi mwa fundi, na yeye mwenyewe alikaa hukohuko, mafuriko na yote.

Lililonishangaza zaidi ni meza yake. Kila Ijumaa baada ya sala alitoa meza nje ya kibanda, akafungua kisanduku kimoja, mfuniko huku, matumbo huku, na kumwonyesha kila aliyetaka kuona. Walikuja wanafunzi wa chuo cha Kyambogo, walikuja wapita njia, na walikuja mafundi wa vibanda vya jirani, wale wale waliokuwa wakigombania naye wateja. Siku moja nikamvuta kando. Nilimwambia, fundi, hawa kesho watafanya kazi hii kwa bei ya chini na wewe utabaki unapigwa na upepo. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mwandishi, babu yangu alikuwa natengeneza redio ya jeshi. Yeye alifunzwa mbele ya watu, na yeye alifunza mbele ya watu. Kazi ya kujificha haina baraka. Ukifunika, inaoza." Nikamwona mjinga kidogo, tena mjinga wa kupendeza, nikaenda zangu.

Ijumaa ile ile, kabla sijaondoka, aliniomba kitu kimoja. "Wewe unaandikanga gazeti. Andika hii meza." Hakutaka sifa, maana alijua sitaji majina. Alitaka tu kazi ionekane kwa watu wa mbali, labda fundi wa Gulu au wa Kisumu asome, naye afunze wenzake. Nikamwambia, bila shaka, juma lijalo. Juma lijalo waziri mmoja akasema neno la ovyo, nikamwandika waziri. Lililofuata niliandika mashimo ya barabara. Kusema ukweli, nilikiona kisanduku ni kitu kidogo mno kwa safu yangu. Kila nilipopita dukani aliniuliza kwa kicheko, "Gazeti yangu iko wapi?" nami nikajibu kwa kicheko, "Jumatano, fundi, Jumatano." Ikawa utani wetu. Tuliucheka kwa miaka.

Kisha ikaja ile kesi. Kampuni mbili za ng'ambo zilikuwa zinashtakiana juu ya visanduku hivi, kila moja ikidai kwamba ufundi huu au ule ni wake. Baadhi ya aina zikapigwa marufuku kuuzwa huko kwao, nasi huku tukaisoma habari hiyo tukadhani ni ugomvi wa tembo wa mbali. Moja ya kampuni hizo ilikuwa na hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi peke yake haki ya kutengeneza na kuuza alichokibuni, na hataza hiyo ilifika mpaka kwetu. Kati ya mambo iliyoyadai lilikuwamo hili: kisanduku kinacholala umeme ukikatika na kuamka palepale. Barua zikaletwa kwenye jengo, wakaguzi wakafunga makasha kwa utepe, na fundi akaandikiwa aache mara moja kuuza kazi ya watu. Kazi ya watu! Nilimkuta amekaa na barua mapajani, miwani usoni, anaisoma tena na tena kana kwamba mstari unaofuata ungebadilika. "Mwandishi," aliniuliza, "hii watu waliona wapi?"

Nikampeleka kwa mwanasheria mmoja ninayemfahamu, mama anayefundisha na kuishi karibu na Kyambogo. Alitusikiliza vizuri, akatutilia chai, akatueleza polepole. Hataza, alisema, hutolewa kwa kitu kipya tu. Kwa kuwa fundi alikuwa amekianika kila Ijumaa mbele ya umma, yeye hawezi tena kukidai kuwa chake. Fundi akatikisa kichwa, akasema hakutaka kiwe chake. "Basi sikiliza," mama akaendelea, na hapo sauti yake ikachangamka. "Kama ulikionyesha kabla wao hawajaomba hati, na wao pia hawawezi kukimiliki. Kitabaki cha watu wote, kama ulivyotaka. Tunahitaji ushahidi tu, wenye tarehe." Picha? Simu ya zamani ilizama kwenye mafuriko. Mashahidi? Wale mafundi wa jirani, waliojifunza pale mezani, walikwisha kuogopa barua zao wenyewe, wakasema hawakumbuki ilikuwa mwaka gani. Mama akagonga kalamu mezani, akauliza la mwisho. "Hata gazeti hakuna? Kipande chochote kilichochapwa, hata kiwe kidogo namna gani?"

Fundi akanitazama. Alinitazama kidogo tu, halafu akayageuza macho yake kwenye kikombe. "Hapana, mwalimu," alisema. "Gazeti hapana." Angeweza kusema mengi. Angeweza kumwambia kwamba huyu bwana aliyeketi hapa anakunywa chai yako aliniahidi miaka mitatu kabla ya hati ile, na akaahidi tena kila mwezi. Hakusema, akaniwekea siri mbele ya mtu ninayemheshimu, nami nikaikubali siri hiyo nikiwa nimekodoa macho dirishani. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Tulipotoka nje nikaanza kuomba radhi, akanipiga begani. "Wacha, mwandishi. Wewe ulikuwa na mambo kubwa."

Ushahidi haukupatikana, akaviacha visanduku. Tangu hapo alitengeneza pasi na kuuza vifuniko vya simu. Riziki ilipatikana, hakulala njaa. Kilichomkata maini ni kwamba aliirudisha meza ndani. Ijumaa ilikuja, anatoka msikitini, anaketi kibandani mlango nusu wazi, na mtu akija kuuliza habari za visanduku anajibu hajui. Mtu ambaye hakuwahi kuficha hata skrubu alijifunza uzeeni kusema hajui. Nilipomwambia safari hii naandika kweli, alitabasamu bila meno kuonekana. "Sasa ni ya nini? Tarehe imepita."

Baada ya maziko nilikaa na wafiwa kule Bwaise, kwenye jamvi, mpaka jua likapungua. Mjane akaniita chumbani. Juu ya kabati, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki, palikuwa na rundo la magazeti yaliyofungwa kwa uzi wa kiatu. Yote ya Jumatano, yote yamekunjwa kwenye ukurasa wangu. "Alikuwa ananunua tu," aliniambia. "Hata nikisema, baba, wacha, huyo hataandika, yeye nasema, labda hii." Nililia pale chumbani, mtu mzima na mvi zangu, na yule mama aliyefiwa ndiye aliyenishika mkono. Nikamuuliza kama ataniruhusu niandike sasa. Akafikiri, akakubali, ila jina nisiweke, maana ile barua bado iko kwenye droo naye anaiogopa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nilidhani wanasema juu ya mvivu asiyehudhuria baraza. Nimeelewa sasa kwamba unaweza kuwapo kila Ijumaa, juani, mbele ya macho ya mji mzima, na bado ukahesabiwa hukuwapo, kwa sababu hakuna aliyekuandika. Mji wetu umejaa watu wa namna hiyo, wanaobuni kwa mikono na kufundisha kwa mdomo, na sheria ya leo haijui mkono wala mdomo, inajua karatasi. Wao karatasi hawana. Sisi wenye kalamu tunazo, tumeketi juu yake tunawasubiri mawaziri waseme neno. Kama unafanya kazi kama yangu, nakusihi: jambo likionekana dogo na mwenyewe amekuomba, liandike siku hiyo hiyo, maana hujui ni nani atakuja kuulizwa tarehe.

Basi na iandikwe. Palikuwa na fundi hapa Kampala aliyevifundisha visanduku kulala badala ya kufa, kwa betri ya simu kuukuu, na akamwonyesha kila aliyetaka kuona, kila Ijumaa baada ya sala, mfuniko ukiwa wazi. Mimi nilikuwapo, nimeona. Nilimwambia Jumatano. Fundi, leo ni Jumatano.