Masizi ya Godoro

Mama anayesafisha nyumba zilizoungua hapa Morotonga haanzi na maji, na ukimletea ndoo mapema anaisogeza nje kwa mguu. Kwanza anafuta ukuta kwa kitambaa kikavu, kutoka juu kwenda chini, kisha anasugua masizi kati ya vidole viwili. Yakiwa makavu, ni ya kuni. Yakinata, ni ya godoro, na hapo ndipo anaomba sabuni ya unga. Mikono yake huwa myeusi mpaka kwenye viwiko, wala haifichi akisalimia watu.

Chumba changu kilipoungua nilitaka kupaka rangi haraka, maana mpangaji wangu Eunice alikuwa anarudi kutoka hospitali na kichanga. "Paka, mura," aliniambia yule mama, akiniita kijana kwa Kikurya. "Rangi itaficha weusi, harufu haitaficha." Alipomaliza kuosha alifunga mlango na dirisha, akakaa ndani akinusa, jua likichoma bati, kwa sababu joto ndilo linaloitoa harufu ukutani. Eunice alimkuta humo, akacheka: "Mama, nani amekufunga jela?" Yule mama alitoka akitiririka jasho. "Bado," alisema, akakunja tena mikono ya blauzi. Mimi huwa simsifu fundi kabla hatujaelewana bei, lakini siku hiyo nilimwambia Eunice, yule mama mwenyewe akisikia: "Kalale kwa dada yako na mtoto. Huyu akisema bado, ni bado."